Kigeu hakionekani, au kinakataa kuingia: kutibu dirisha la kuchagua vigeu

Kila programu ya takwimu inayotumia kipanya ina dirisha hili: kushoto orodha ya vigeu vyote vilivyomo kwenye faili, katikati mshale, kulia visanduku viwili vitatu vinavyosubiri kujazwa. SPSS inalo, PSPP inalo, R Commander, jamovi na JASP nazo zina la kwao. Ukiamua kujenga chombo chako kwa Shiny, kifurushi cha kujengea programu za wavuti kwa lugha ya R, siku ya kwanza tu utajikuta unalichora. Linaonekana jepesi, na ndiyo maana wengi tunalichora haraka na kuhamia kwenye hesabu. Lakini mtumiaji akikwama, mara nyingi anakwama hapo, kabla hesabu yoyote haijaanza. (Kwa asiyelizoea neno: kigeu ni safu moja ya data, kama umri au mkoa. Wengine husema kibadilika.)

Nimepanga mambo kwa malalamiko, kama watumiaji wenyewe wanavyoyasema, kisha sababu na tiba. Faili ninalolitumia kupima ni la wanawake la utafiti wa DHS, ule wa afya na idadi ya watu ambao Tanzania, Kenya na Uganda zimeufanya mara kadhaa. Lina maelfu ya safu zenye majina kama v012, v106 na b4_01. Dirisha linalopendeza likiwa na safu nane za mfano linaweza kuanguka kabisa mbele ya faili hili, na faili hili ndilo watu wanalofanyia kazi.

"Kigeu changu hakipo kwenye orodha"

Mara nyingi kipo. Kabla hujagusa msimbo, muulize mtumiaji aliandika neno gani kwenye kisanduku cha kutafutia, herufi kwa herufi. Jibu lake litakuonyesha sababu haraka kuliko saa nzima ya kusoma msimbo.

Nilikaa pembeni ya muuguzi aliyekuwa anaandika tasnifu yake. Alitaka umri wa mama. Akaandika "umri", orodha ikawa tupu, maana lebo za faili, yaani maelezo mafupi ya kila kigeu, ni za Kiingereza. Akafuta, akaandika "age". Sasa ukaja msururu: umri wa sasa, umri kwa makundi ya miaka mitano, umri wa mkuu wa kaya, umri wa mume, umri alipojifungua mara ya kwanza. Kati yake zikajipenyeza lebo zenye "language" na "marriage", kwa sababu herufi a-g-e zimo ndani ya maneno hayo. Akanigeukia: "Kaka, ipi sasa?" Akachagua mojawapo kabla sijajibu. Tutamrudia.

Sababu ya kwanza, basi, ni utafutaji unaoangalia sehemu moja tu. Kuna programu zinazotafuta kwenye jina peke yake, kwa hiyo ni lazima ujue tayari kwamba umri ni v012. Nyingine zinatafuta kwenye lebo peke yake, na mzoefu aliyekariri v012 anaambulia patupu. Tafuta kwenye jina, kwenye lebo, na kwenye lebo za majibu pia. Mtu akiandika "Kigoma" inafaa apate v024, kigeu cha mkoa, kwa sababu Kigoma ni mojawapo ya majibu yake. Ikiwa watumiaji wako ni Waswahili na faili ni la Kiingereza, weka kamusi ndogo ya maneno hamsini hivi: umri, elimu, mkoa, uzito, chanjo, ndoa. Ni kazi ya mchana mmoja, na sijawahi kuona mchana ulioleta faida zaidi.

Sababu ya pili ni yetu sisi, na vifaa vilivyotengenezwa kwa Kiingereza haviijui. Baadhi ya programu hulinganisha mwanzo wa neno tu. Kwa Kiingereza hilo linatosha, maana wingi unaongezwa mwishoni. Kwa Kiswahili mabadiliko yanatokea mbele: mtoto na watoto, kijiji na vijiji, mke na wake, jino na meno. Anayeandika "mtoto" hataipata lebo inayosema "Idadi ya watoto waliozaliwa hai". Tiba ni kulinganisha popote ndani ya neno, na kabla ya hapo kuondoa kiambishi cha ngeli ili "mtoto" na "watoto" zote zikutane kwenye "toto". Jino na meno haziondoki kwa kanuni, kwa hiyo hizo ziingie kwenye kamusi. Ndiyo, kulinganisha popote kunaleta "language" kwa anayetafuta "age". Kwa hiyo panga matokeo: neno zima kwanza, linaloanza na herufi hizo la pili, lenye herufi hizo katikati la mwisho. Usiyatupe ya mwisho, yashushe tu.

Hapo hapo kagua alama ya ritifaa. Dodoso la mifugo likiandikwa kwenye programu ya uchapaji, "ng’ombe" hupata ritifaa iliyopinda. Mtu akitafuta kwa kibodi anaandika "ng'ombe" kwa ritifaa iliyonyooka. Kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti. Zigeuze zote ziwe moja kabla ya kulinganisha. Mtumiaji hana njia yoyote ya kuligundua kosa hili mwenyewe: anaona lebo kwa macho yake, anaandika kitu kile kile, na programu inamwambia hakipo.

Sababu ya tatu ni kichujio kinachoficha. Ukifungua dirisha la muhtasari wa nambari kwenye SPSS, safu za maandishi haziorodheshwi kabisa. R Commander nayo huonyesha vigeu vya nambari tu pale inapohitaji nambari. Nia ni njema, ila mtu ambaye safu yake ya mapato imesomwa kama maandishi, kwa sababu seli moja ina neno "hajui", anaona kwamba mapato yametoweka. Mimi huviacha visivyofaa vionekane chini ya orodha kwa rangi hafifu, na kando ya kila kimoja sababu fupi: "ni maandishi, seli 3 si nambari". Akibofya hapo, aonyeshwe hizo seli tatu.

Sababu ya nne ni kikomo cha kimya. Orodha kunjuzi ya selectize, ambayo Shiny huitumia, kwa kawaida huchora chaguo 1,000 tu kwa wakati mmoja. Kigeu cha 1,001 kimo kwenye data, kimo hata kwenye kumbukumbu ya orodha, ila mtu akiteremka hadi chini hatakikuta. Ukisikia lalamiko kwamba "zinaonekana za mwanzo tu", anzia hapa. Hamishia utafutaji upande wa seva, kisha andika mwishoni mwa orodha kwamba zipo nyingine ambazo hazijaonyeshwa.

Na kama kigeu kimetengenezwa sasa hivi, dakika mbili zilizopita, dirisha limeshikilia orodha ya zamani. Soma orodha upya kila dirisha linapofunguliwa.

"Mistari yote inafanana"

Hapa kuna magonjwa mawili yanayoshabihiana.

La kwanza ni kukata lebo mwishoni. SPSS huonyesha lebo kwanza, kisha jina la kigeu kwenye mabano, na sanduku likiwa jembamba kinachomezwa ni lile jina, yaani kitu pekee kinachotofautisha. Kwa madodoso ya Kiswahili hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maswali yetu huanza kwa namna moja. Angalia sehemu ya orodha kama ilivyokuwa kwenye skrini:

Je, katika kipindi cha miezi 12 il…
Je, katika kipindi cha miezi 12 il…
Je, katika kipindi cha miezi 12 il…

Moja inauliza kuhusu kulazwa hospitali, nyingine kuhusu kukosa chakula, ya tatu kuhusu kuhama. Na ukipanga kwa alfabeti, nusu ya dodoso inarundikana kwenye J. Kwa hiyo, kwanza, mpangilio wa awali uwe ule wa faili, yaani mpangilio wa dodoso lenyewe, kwa sababu mtafiti anakumbuka kwamba swali la chanjo lilikuja baada ya lile la kliniki. Pili, weka jina kwenye safu yake nyembamba isiyokatwa kamwe, na lebo kando yake. Tatu, kata lebo katikati badala ya mwishoni, ili "Je, katika… ulilazwa hospitali?" ibaki na maana. Nne, ruhusu mtumiaji avute ukingo wa dirisha na orodha ipanuke pamoja nalo. Bado nakutana na madirisha yasiyopanuka kwenye skrini zenye nafasi tele, na kwa kweli hakuna sababu.

Ugonjwa wa pili ni safu zinazojirudia. Faili la wanawake la DHS linaweka historia ya uzazi kwa upana: b4_01 ni jinsia ya mtoto wa kwanza kwenye orodha, b4_02 wa pili, hadi b4_20, na lebo ni ile ile kwa zote. Ukionyesha lebo tu, unapata mistari 20 isiyo na tofauti hata ya nukta. Data za KoboToolbox, zana ya kukusanyia majibu ya madodoso, nazo zina la kwao: swali moja la kuchagua majibu mengi hugeuka safu nyingi za 0 na 1, moja kwa kila jibu. Zikusanye chini ya kichwa kimoja kinachofunguka: "Jinsia ya mtoto (20)". Kitambulisho cha kundi ni rahisi kukipata, kwa sababu ni majina yanayofanana hadi kwenye nambari ya mwisho, au hadi kwenye mkwaju ule ambao Kobo huuweka kati ya swali na jibu.

"Kinakataa kuingia kwenye kisanduku"

Mtu anabofya mshale, hakuna kinachotokea. Anabofya tena. Anaanza kudhani kompyuta imeganda.

Karibu kila mara tatizo ni aina ya kigeu. Mwaka 1946 mwanasaikolojia S. S. Stevens alipendekeza viwango vinne vya vipimo, na programu zetu zimevibana kuwa vitatu hivi: makundi yasiyo na mpangilio, makundi yenye mpangilio, na vipimo vya nambari. SPSS huvichora kama duara tatu, nguzo tatu na rula. Kwenye jamovi kila kisanduku kina alama ndogo pembeni zinazosema kinapokea aina zipi. Alama hizo zinasaidia sana, kwa anayezijua.

Shida ni kwamba aina hiyo mara nyingi imekisiwa. SPSS ikisoma data kutoka nje, kigeu chenye thamani tofauti chini ya 24 kwa kawaida hukiweka kwenye makundi, japo kikomo hicho unaweza kukibadili. Sasa fikiria idadi ya watoto aliozaa mwanamke: 0, 1, 2, hadi labda 14. Thamani hazifiki 24, kwa hiyo hesabu halisi ya watoto inahesabiwa kuwa majina matupu. Upande wa pili, mkoa uliopewa misimbo 1 hadi 26 unapita kama kipimo, na mtu anaweza kuchukua wastani wa mikoa bila programu kushtuka.

R Commander ina sura nyingine ya tatizo hilo hilo. Jinsia ikisomwa kama 1 na 2, programu haioni kundi lolote, na menyu ya jaribio la t la makundi mawili, lile linalolinganisha wastani wao, inafifia. Haibofyeki, na haielezi. Dawa yake ipo kwenye menyu ya data, mahali pa kugeuza nambari ziwe makundi, lakini hakuna kinachomwelekeza mtu huko kutoka pale alipokwama.

Kwa mbunifu, tiba iko hivi. Kisanduku kikikataa kigeu, kiseme papo hapo, mahali pale pale mtu anapotazama: "Kisanduku hiki kinataka nambari. v201 imewekwa kama makundi." Chini yake kitufe kimoja: "Itumie kama nambari". Nasisitiza "itumie", kwa uchambuzi huu tu. Kubadili aina ndani ya faili lenyewe kutoka kwenye dirisha dogo ni hatari, maana mtu mwingine anayetumia faili hilo kesho atashangaa matokeo yake yamebadilika. Na pale ambapo idadi ndiyo inayokataliwa, mathalani kisanduku kinapokea kigeu tegemezi (kile unachotaka kukieleza) kimoja tu na tayari kimejaa, cha pili kikija kiulize kama kichukue nafasi ya cha kwanza.

"Kimeingia, ila jibu ni la ajabu"

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu hakuna ujumbe wa kosa. Hesabu inakwenda, jedwali linatoka, na mtu analibandika kwenye ripoti.

Yule muuguzi alichagua v013. Wastani wa umri ukatoka tatu na ushee. Yeye aligundua, kwa sababu anawajua mama wanaokuja kliniki. v013 ni umri kwa makundi ya miaka mitano: 1 ni 15–19, 2 ni 20–24, na kuendelea hadi 7. Alichokitaka kilikuwa mstari wa juu yake, v012. Sasa chukua kosa lisiloonekana hivyo: angeweka v013 kama kigeu huru, yaani kinachotumika kueleza kingine, kwenye modeli ya rigresheni. Mgawo ungetoka na alama nzuri za umuhimu, na angeandika kwamba kwa kila mwaka mmoja wa umri hatari inaongezeka kiasi fulani, kumbe ni kwa kila miaka mitano.

Faili hili lina mitego kadhaa ya namna hiyo. v445, uwiano wa uzito na urefu, umehifadhiwa bila nukta, kwa hiyo 22.45 imeandikwa 2245. v005 ni uzito wa sampuli (si kilo, bali uzito wa kila mhojiwa kwenye hesabu), na inabidi ugawanywe kwa 1,000,000 kabla ya kutumika. Kuna misimbo kama 98 inayomaanisha "hajui", ambayo ikiachwa inaingia kwenye wastani kana kwamba ni miaka 98.

Tiba niliyoiona ikifanya kazi kuliko zote ni dirisha kuonyesha data kabla ya kuchagua. Kishale kikisimama juu ya kigeu, au mshale wa kibodi ukifika hapo, kadi ndogo ifunguke kando: jina, lebo nzima bila kukatwa, ndogo kabisa na kubwa kabisa, idadi ya zisizojibiwa, na thamani tano za kwanza zilizo tofauti pamoja na lebo zake. Kwa v013 kadi ingesema "1 = 15–19, 2 = 20–24, 3 = 25–29". Nilipoiweka, nilikaa tena na yule muuguzi. Akashuka kwenye orodha kwa kibodi, akasimama kwenye v013, akasoma, akasema "aah, haya ni makundi", akapanda mstari mmoja juu. Sikuwa nimesema neno.

Wengine watakwambia SPSS tayari inayo taarifa ya kigeu ukibofya kitufe cha kulia. Ni kweli, na ni nzuri. Ila anayekosea hajui kwamba anakosea, kwa hiyo hawezi kwenda kubofya kuuliza. Kadi ijilete yenyewe.

"Nilichagua kumi na tano, zote zikafutika"

Sababu mbili. Moja ni tabia ya kawaida ya orodha: ukishikilia Ctrl unaongeza, ukisahau mara moja tu ukabofya, yote uliyochagua yanafutika na kubaki moja. Kwa orodha ndefu tumia visanduku vya tiki mbele ya kila mstari, ambapo kubofya kimoja hakugusi vingine, na Shift ichukue kutoka hapa hadi pale. Weka pia kitufe cha kutendua ndani ya dirisha.

Ya pili ni kosa la msimbo. Mtu anatafuta "chanjo", anatia tiki tatu, anafuta neno ili atafute "kliniki", na tiki zimeondoka. Au mbaya zaidi, zimehamia kwenye vigeu vingine. Hiyo ni dalili kwamba programu imekumbuka nafasi ya mstari, sio jina la kigeu. Orodha ikichujwa, mstari wa nne unakuwa kitu kingine. Hifadhi uteuzi kwa jina. Kwenye Shiny, ukisasisha orodha ya chaguo bila kupitisha tena kilichokuwa kimechaguliwa, uteuzi unapotea. Upitishe kila mara. Kisha onyesha juu ya orodha "3 zimechaguliwa, 2 hazionekani kwa sasa", ili mtu asidhani zimepotea.

"Siwezi kuburuta"

Kuburuta na kudondosha kunapendeza kwenye maonyesho. Kwenye kompyuta mpakato yenye kipadi kilichochoka, au kwa mwenye mkono unaotetemeka, au kwenye orodha ambayo lazima isogee wakati unaburuta, ni mateso. WCAG 2.2, mwongozo wa Oktoba 2023 kuhusu wavuti unaotumika na watu wote, unadai kila kinachofanywa kwa kuburuta kiwezekane pia kwa kubofya tu, na vitufe viwe angalau pikseli 24 kwa 24. Acha kuburuta kuwepo, lakini mshale, kubofya mara mbili, na Enter vifanye kazi hiyo hiyo. Kigeu kikihamia kulia, kisoma skrini kitamke kimehamia wapi, na kishale kibaki kwenye mstari uliofuata kushoto. Kikiruka hadi mwanzo wa orodha, anayetumia kibodi anaanza safari upya kila anapochagua.

"Inaganda ninapoandika"

Umechora mistari yote 4,000 kwa mpigo. Chora inayoonekana tu na kidogo juu na chini yake. Subiri kama milisekunde 200 baada ya herufi ya mwisho kabla hujatafuta. Muhtasari wa ile kadi ukokotolewe kwa kigeu kinachoangaliwa pekee, kisha uhifadhiwe.

"Nilichofanya jana leo siwezi kukirudia"

Mpangilio ndani ya kisanduku una maana. Kwenye jaribio la t la jozi, programu hutoa cha kwanza kasoro cha pili, kwa hiyo ukibadilisha zamu, alama ya kujumlisha inageuka ya kutoa. Andika basi kwenye dirisha lenyewe: "Tofauti = baada − kabla", na libadilike mtu anapovipanga upya.

SPSS ina kitufe cha kubandika kinachogeuza ulichochagua kuwa maandishi ya amri, na R Commander huandika amri zake mbele ya macho yako. Iga hilo. Kama chombo chako hakina lugha ya amri, hifadhi hali ya dirisha pamoja na matokeo: majina ya vigeu kwa mpangilio wake, kisanduku cha kila kimoja, aina iliyotumika, na misimbo iliyohesabiwa kuwa haijajibiwa. Mtu akifungua tena kwa faili jipya la mwaka unaofuata, jaza vyote vinavyopatikana, na kwa kile kisichopatikana andika jina lake ndani ya kisanduku chake kwa rangi nyekundu: "v445 haimo kwenye faili hili". Usikiondoe kimya kimya ukaendelea na vilivyobaki.